Buloni za Matabishi

Karangwa Séraphin alikuwa fundi wa chukudu, na kabla ya kuwa fundi wa chukudu alikuwa fundi wa kudharau. Ufundi wa kwanza alifundishwa na mjomba wake. Wa pili alizaliwa nao. Akipita penye mlango mpya atasimama, ataweka mikono nyuma, atafumba jicho moja, na mwenye mlango ataanza kutoka jasho. "Huu mulango," atauliza, "mulijenga mukiwa na haraka ya kwenda wapi?" Kanisani alikaa benchi la tatu, na si kwa ajili ya sala peke yake. Kutoka pale aliiona altare vizuri, na altare ile, kwa maneno yake, ilikuwa na mguu mmoja uliokata tamaa. Alisema hivyo kwa miaka kumi na mmoja. Padri mmoja alihamishwa, mwingine akaja, mguu ukabaki ulivyo, na Séraphin naye akabaki kwenye benchi lake akiutazama.

Kwao walikuwa watu wa ng'ombe. Baba yake na kaka zake wote walichunga kwenye vilima vya juu ya Mweso na kuuza maziwa; yeye peke yake alishika shoka na randa. Walipomwambia amepotea njia, aliwajibu kwamba kufuga ni kazi ambayo ng'ombe ndiye anayeifanya. Walinuna mwaka mzima. Yeye alikuwa anachonga chukudu, ile baiskeli yetu ya mti isiyo na pedali wala mnyororo, ambayo mwanaume anapiga goti juu yake na kuteremka mlima na magunia matatu ya viazi, na maisha yake yote yako kwenye magurudumu mawili ya mbao. Gurudumu likipasuka mteremkoni, hakuna wa kumlaumu isipokuwa fundi. Magurudumu ya Séraphin hayakupasuka. Hilo lazima lisemwe, hata na wale waliokuwa hawampendi, na hao walikuwa wengi.

Karakana yake ilikuwa nyuma ya nyumba, ya mbao tupu, aliyoijenga mwenyewe. Vita vilipofika Mweso, yeye na mke wake Mukabaranga walikimbia, wakakaa miezi saba chini ya shitingi, lile turubai la wakimbizi, karibu na Sake. Waliporudi nyumba ilikuwepo, karakana haikuwepo. Wenye bunduki waliolala uani kwake waliibomoa ubao kwa ubao wakapikia maharage. Walichoma ukuta, wakachoma meza ya kazi, wakachoma magurudumu kumi na manne aliyokuwa ameyakausha mwaka mzima. Mukabaranga alilia. Séraphin aliokota sufuria waliyoiacha, akachungulia kilichogandia chini.

"Ata maharage walishindwa kuivisha," alisema.

Aliumia vibaya sana siku ile, na asikudanganye mtu.

Fundi wa chukudu asiye na paa si fundi tena. Mti wa gurudumu lazima ukauke polepole, kivulini, miezi kadhaa; ukinyeshewa unajikunja, na ukijikunja umebaki kuni. Na huku Masisi mvua haiji kututembelea, inaishi na sisi. Kwa misimu miwili Séraphin alifanya kazi chini ya ukingo wa paa la jikoni, akigombana na moshi na kuku, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake gurudumu lake lilipasuka. Mwenye chukudu alinusurika. Lakini aliporudi hakupanda kilima kwa Séraphin, alikwenda kwa Nestor.

Nshimiyimana Nestor alikuwa amejifunza kazi kwa Séraphin miaka tisa. Kama Séraphin alimfukuza ao Nestor aliondoka mwenyewe, inategemea unamwuliza nani. Vyovyote iwavyo, sasa alikuwa mtu mzima mwenye karakana yake kando ya barabara ya Kitshanga, yenye paa zima, na wateja walipanga mstari. Séraphin alisema chukudu za Nestor zinatembea kama mtu anayekwenda kuomba msamaha. Alisema Nestor anakata mti kama anayekata mkate wa msiba. Alisema mengi, na kila alichosema kilifika kwa Nestor kabla ya jua kuzama, maana Mweso ni ndogo.

"Papa Isimbi," Mukabaranga alimwambia mwezi wa saba, akiosha vyombo vya maziwa, "mvua ya mwezi wa tisa ikikukuta bila paa, utaenda kumuomba Nestor kona ya kufanyia kazi."

Isimbi ni binti yao, aliyeolewa Hombo. Séraphin angekubali kufungiwa zizini na ndama kuliko kusimama kwa Nestor na randa mkononi akiuliza aweke wapi.

Ndipo mdogo wake Sylvain, anayeuza vitu vya kila aina Goma, akapiga simu. Amepata nyumba ya chuma, alisema, ya kutoka ng'ambo, imekunjwa ndani ya katoni. Unaifungua, unaiunganisha, kesho yake una atelie ya kufanyia kazi.

"Nyumba mu katoni," Séraphin alisema. "Na mke wako alitokea mu bahasha?"

"Kaka, sikiliza. Hii ni chuma. Nani atapika maharage na chuma?"

Hoja ile ilimwingia Séraphin. Alikubali, akanung'unika wiki nzima ili isionekane kwamba amekubali.

Katoni ilifika juu ya lori la makaa, ndefu kuliko mtu, imefunguliwa kwenye vizuizi viwili na kufungwa tena kwa kamba za migomba. Nusu ya kilima ilikuja kuona. Juu yake kulikuwa na picha ya kibanda cha kijani, na mbele yake mzungu mwenye kaptura aliyekuwa anacheka bila sababu inayoonekana. Ndani kulikuwa na mabati membamba ya kijani yenye vitundu vingi, vyuma vya fremu, karatasi iliyokunjwa mara nyingi, na mwisho kabisa, juu ya vyote, mfuko wa plastiki umebandikwa kwa utepe.

Séraphin aligonga bati kwa ukucha. Likalia. "Hii ni ganda ya sardini," alitangaza. Akafungua karatasi, akatafuta sehemu ya Kifaransa, akaanza kuisoma kwa sauti ili watu wajue kwamba anaweza. Mstari wa pili waliandika *le vis* badala ya *la vis*. Alisimama papo hapo. Mtu asiyejua kama skrubu ni dume ao jike, alisema, hawezi kumfundisha yeye ujenzi. Akaikunja karatasi, akamrushia mke wake awashie moto. Mukabaranga aliiweka chini ya mtungi.

Kisha akaurarua ule mfuko. Ulikuwa umejaa buloni ndogo, fupi kuliko kidole cha mtoto, zinang'aa, kila moja na nati yake na kipira chake cheusi cha mviringo. Zilikuwa mamia. Kwa mtu aliyezoea misumari ya kupigilia boriti, zilikuwa kichekesho. Alizimimina kiganjani, akazitazama, akautazama ule mfuko uliobandikwa juu ya mzigo baada ya mzigo kwisha kupangwa, na akaelewa kila kitu.

"Hii njo matabishi," alisema.

Na nani angebisha? Huku kwetu matabishi ni sheria. Ukinunua kipimo cha maharage, mwenye maharage anaongeza kiganja juu. Ukinunua nyanya, anatupia moja pembeni. Na muuzaji asiyetoa matabishi atasemwa vibaya mpaka siku ya mazishi yake. Mtu amenunua nyumba nzima, ni lazima aongezewe kitu. Kilichomkera Séraphin ni aina ya kitu chenyewe. "Nyumba yote hii, na banaongeza bintu vya kuchezea," alisema. "Bachoyo."

Kwa hiyo akazigawa. Na hapa ndipo alipofurahi kuliko siku zote, kwa maana kila buloni aliitoa pamoja na tusi lake. Mama Mapendo, jirani anayeuza maharage sokoni, alipata kumi na mbili. "Chukua, ufungie ule mulango wako, uache kupiga makofi upepo ukipita." Joséphine-Marie, mshonaji, alipata ishirini kwa ajili ya meza ya cherehani. "Iko inacheza kuliko wewe ku ndoa ya mutoto wako." Bisengimana, katekista, aliomba chache kwa ajili ya parokia, na Séraphin akamjazia mikono yote miwili. "Kwa ule muguu," alisema, na hakuna aliyehitaji kuuliza mguu gani. Wengine walichukua kwa kiganja, tano huyu, nane yule, hata waliokuwa wanapita njia tu.

Mwisho akamwita Samy, mwendesha moto, yaani pikipiki ya kukodi, aliyekuwa amesimama kutazama, akamfungia konzi kubwa ya buloni ndani ya jani la mgomba. "Mupelekee Nestor. Umuambie Séraphin amesema afunge vile bintu vyake vinavyoachana ku njia."

Samy alicheka mpaka akazima pikipiki. Alipeleka jani na maneno, yote mawili bila kupungua.

Kazi ya kujenga ilichukua siku nne. Vyuma vya fremu Séraphin alivitupa pembeni, akasema ni fito za kuku. Alikata miti ya mikaratusi, akasimamisha fremu yake mwenyewe, kisha akapigilia mabati juu yake kwa misumari. Vile vitundu vilivyokuwa tayari kwenye mabati havikukutana na miti yake hata kidogo, na yeye hakuwa mtu wa kupangiwa mahali pa kupiga nyundo. Akatoboa vingine.

"Papa Isimbi," Mukabaranga alisema siku ya tatu, ameishika ile karatasi, "apa ku picha kila tundu iko na buloni."

"Iyo ni picha ya muzungu. Muzungu hana misumari."

"Na hii mishale yote?"

"Mama Isimbi, wewe kamua ng'ombe."

Karakana ilisimama. Ilikuwa imeegemea kidogo upande wa bonde, mlango wake haukuteleza, na kona moja ilionyesha anga. Séraphin aliizunguka mara tatu, jicho moja limefumba, na hakuona kasoro hata moja. Ni jambo la kushangaza jinsi jicho linavyochoka likifika kwa mwenyewe.

Jumapili ya kwanza ya mwezi wa tisa, saa nane mchana, upepo ulikuja kutoka upande wa Walikale na mvua ya mawe nyuma yake. Bati la kwanza lilipiga kelele, likang'oka na misumari yake, likaruka. La pili halikungoja kuitwa. Séraphin alitoka nje na gunia kichwani akijaribu kushika la tatu kwa mikono, na Mukabaranga akamvuta kwa shati kutoka nyuma, maana bati lile lingemkata shingo. Walisimama mlangoni pa jikoni wakayaangalia yanakwenda moja moja, chini ya kilima, mpaka malishoni kwa kaka zake. Ng'ombe walikimbia. Wale waliosemwa kwamba kazi yao inafanywa na ng'ombe walitoka wakatazama juu kuona ni nini kinachoanguka kutoka kwa ndugu yao.

Mvua ilipokatika, watu walipanda kilima na mabati vichwani, mstari mzima, kila mmoja na lake. Waliyalaza uani taratibu, wakasema pole, Papa, pole sana. Hakuna aliyecheka. Séraphin angelipa wacheke. Pole ya Mama Mapendo ilimchoma kuliko mawe ya mvua.

Alimpigia Sylvain simu ili amtukane kwa kumletea uchafu. Sylvain alimwacha amalize.

"Kaka, buloni ulitia?"

"Buloni gani?"

"Zile zilikuwa mu mufuko."

"Zile za matabishi? Niligawia bantu."

"Kaka," Sylvain alisema, "hazikuwa matabishi. Zile buloni njo nyumba. Mabati ni nguo tu."

Séraphin alikaa chini juu ya zile fito za kuku, ambazo sasa alikuwa ameanza kuzitazama kwa heshima. Mukabaranga alikwenda akainua mtungi, akachukua karatasi, akamwekea mapajani, na kurudi kwa ng'ombe wake. Ameishi na mwanaume yule miaka thelathini na minne, anajua lini maneno hayahitajiki.

Sokoni Mweso kulikuwa na buloni za baiskeli, nene, hazikuingia kwenye vitundu. Kitshanga vilevile. Goma barabara ilikuwa imefungwa wiki hiyo, na hakuna aliyejua itafunguliwa lini. Mvua ilinyesha kila alasiri, na magogo mapya aliyoyapasua mwezi wa nane yalikuwa yanakunywa maji uani. Ilibaki njia moja, nayo ilikuwa kwenda mlango kwa mlango na kusema neno ambalo hakuwahi kulisema tangu azaliwe: naomba.

Alianza kwa Mama Mapendo, kwa sababu ni karibu na ili aibu isitembee mbali. Mama yule alikuwa amezitia buloni zote kumi na mbili mlangoni, na mlango kweli ulikuwa umeacha kupiga makofi.

"Nitakurudishia," alisema, mikono kiunoni. "Lakini miaka sita unatukana huu mulango. Bwana yangu aliujenga kabla ya kufa. Kwanza sema ni mulango muzuri."

Séraphin aliutazama mlango. Ulikuwa mbaya. "Ni mulango muzuri," alisema.

Neno lilimtoka laini, halikugonga hata meno. Na uso wa Mama Mapendo ukafunguka palepale, akasema aksanti Papa Séraphin, akaenda mwenyewe kutafuta koleo, akamwongezea na bakuli la maharage ya kwenda nayo. Séraphin alirudi nyumbani amepigwa na bumbuwazi. Hivi watu ni rahisi namna hii? Unawadanganya mchana kweupe, wanakupa na chakula? Aliwadharau zaidi kuliko alivyowahi kuwadharau, na kesho yake akaondoka mapema kwenda kuwadanganya wengine.

Joséphine-Marie alisifiwa meza, kisha kiti, kisha na kabati ambayo hakuiulizia. Bisengimana katekista alisema buloni za altare haziwezi kutoka, zimebarikiwa, lakini zilizobaki atazitoa kama Papa Séraphin ataingia kanisani na kuutazama ule mguu vizuri. Aliingia. Akaupigia goti. "Umesimama kama muguu wa Papa wa Roma," alisema, na Bisengimana akatoka na kopo zima.

Habari ilishuka barabarani kwa pikipiki ya Samy. Siku ya tatu Séraphin hakuhitaji tena kubisha hodi. Watu walikuwa wanamngoja nje, kila mmoja na buloni zake kwenye kiganja na kitu chake pembeni: kigoda, mwiko, banda la sungura, mlango uliong'olewa na kubebwa mpaka njiani. "Papa Séraphin, na hii?" Na yeye, asiye na aibu, alisifu kwa mikono miwili. Mwiko aliuita wa kifalme. Banda la sungura alisema angelala mwenyewe. Wazee wazima waliondoka wanatabasamu na vigoda vyao vya miguu mifupi upande mmoja, na Séraphin aliwatazama migongo akisema moyoni: wajinga. Hakuwaza kwamba walimngoja miaka yote hiyo wapate neno moja kutoka kinywani kwake, hata la uongo.

Alirudi kwenye fito za kuku, akaziunganisha kufuatana na mishale. Kila tundu lilikutana na tundu lake. Alitamani sana lisikutane moja. Kuta zote nne zilisimama wima, mlango ukateleza kwa kidole, na buloni zikaisha hapo. Paa lilibaki chini, mabati sita yamelala kwenye nyasi, na aliyekuwa na buloni za paa alikuwa mtu mmoja tu.

Alichelewesha siku mbili. Siku ya tatu aliona ufa mwembamba kwenye gogo lake bora, akavaa koti la kanisani, akateremka.

Kwa Nestor kulikuwa na wateja wanne waliojikinga mvua ya rasharasha. Nestor aliweka patasi chini. Alikuwa amenenepa kidogo na nywele za masikio zimeanza kuwa nyeupe. Séraphin alishangaa, kichwani mwake alikuwa bado ana miaka ishirini. Juu ya rafu, ndani ya kopo la maziwa ya unga, zilikuwepo buloni zote, hata moja haikutumika, na lile jani la mgomba limekauka juu yake.

"Karibu, Papa Séraphin."

"Nimekuja kuchukua zile bintu."

"Najua. Minasikia unasifu bintu mu Mweso muzima." Nestor hakutabasamu. Alivuta chukudu kutoka kwenye kona, mpya, aliyoimaliza asubuhi ileile, akaisimamisha kwenye mwanga. "Na mimi sema."

Séraphin alikuwa amekuja na uongo wake tayari. Aliuandaa njiani, mzuri kuliko wote: angesema haijawahi kuonekana chukudu ya namna hii kutoka hapa mpaka Mubambiro. Alifungua mdomo. Lakini mikono yake, kwa mazoea tu, ilikwenda kwanza kutafuta kasoro.

Alipitisha kidole gumba kwenye ukingo wa gurudumu. Akarudia. Alipiga goti matopeni na koti lake la kanisani, akalizungusha, akaweka sikio. Lilizunguka na halikusema kitu. Akatazama pale shingo inapoingia mwilini, mahali ambapo fundi mvivu hupigilia msumari wa pili. Hapakuwa na msumari wa pili. Akaangalia uma wa mbele. Mti ulikatwa kufuata nyuzi zake mwenyewe, kona nzima, bila kuzikata popote, kama Séraphin alivyofundisha zamani na kama yeye mwenyewe hakuweza tena kufanya tangu macho yaanze kumsumbua. Alizunguka upande wa pili. Aliinama, akafumba jicho moja, akafumba lingine. Mvua iliongezeka. Alianza upya, kutoka gurudumu la nyuma, kwa kuwa alikuwa anatafuta kwa uchungu sasa, anatafuta hata mkwaruzo, hata kibanzi, chochote cha kushikilia.

Ule uongo wake ulikuwa bado upo mdomoni, lakini haukuwa uongo tena, na mdomo wake haukujua la kufanya nao. Alimwonea wivu Nestor mpaka kifua kikamuuma. Alimwonea fahari pia, na hiyo ndiyo iliyomuuma zaidi, kwa sababu hakuwa na haki nayo. Alisimama, akapangusa magoti. Alitazama kopo kwenye rafu. Akafunga mdomo, akageuka, akatoka kwenye mvua mikono mitupu, akianza kupanda kilima chake kuelekea kwenye karakana isiyo na paa.

Alikuwa hajafika kwenye kona alipomsikia mtu anamkimbilia. Nestor alimshika mkono, akamsukumia kopo kifuani, na lilikuwa zito. Mtu mzima yule alikuwa analia waziwazi, mbele ya wateja wake, mbele ya barabara nzima ya Kitshanga.

Séraphin alimtazama kwa dharau, kwa sababu hakuwa na sura nyingine ya karibu.

"Sasa unalia nini? Mimi nimesema nini?"

"Njo ile, Papa," Nestor alisema. "Hukusema kitu."